Kumwingiza mtu wa tatu katika kesi ya madai: kwa nini mahakama inataka kwanza uombe ruhusa

Swali: Wakili msomi, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Tabata. Tulijenga nyumba ya ghorofa moja Mbezi Beach, na kazi ya paa nikampa fundi mwenye kampuni yake kwa mkataba wa maandishi, ambamo alikubali kwamba kasoro yoyote ya paa itakuwa juu yake na kwamba atanirudishia gharama zote zitakazonipata kwa sababu hiyo. Bati nilinunua mwenyewe kwa muuzaji wa Buguruni. Masika yalipoanza paa likavuja, dari ya jipsamu ikaanguka, na sasa mwenye nyumba amenishtaki katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu akidai shilingi milioni 68. Nilimwomba amshtaki fundi, akakataa. Anasema aliyemkabidhi kazi ni mimi. Fundi huyohuyo ananiomba nimsubiri kwa shilingi milioni 9 nilizomtangulizia kwa kazi nyingine ya Kigamboni ambayo hakuifanya. Rafiki yangu aliyesoma sheria nje ya nchi ananiambia kwamba ukiwahi huhitaji ruhusa ya mahakama, unampelekea tu mhusika karatasi. Je, ni kweli? Na je, naweza kumwingiza fundi, muuza bati na lile deni la Kigamboni kwa pamoja?

Jibu: Ndugu mkandarasi, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Katika mahakama zetu za Tanzania mdaiwa hawezi kumpelekea mtu aliye nje ya kesi, ndiye mtu wa tatu, notisi ya kumwingiza mpaka awe ameomba ruhusa na kupewa, na ndivyo ilivyo hata kama anaomba siku ileile aliyopokea wito. Msingi wake ni Amri ya I, Kanuni ya 14 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambayo ilitungwa mwaka 1966 na ndiyo inayoongoza kesi za madai katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, Mahakama za Wilaya na Mahakama Kuu. Kanuni hiyo inamruhusu mdaiwa kuomba ruhusa ya kuwasilisha notisi kwa mtu wa tatu. Haimpi uwezo wa kuiwasilisha kwa hiari yake.

Rafiki yako hakukudanganya, ila anazungumzia mahakama nyingine. Uingereza, mdaiwa anayefungua dai lake dhidi ya mtu wa tatu kabla ya kuwasilisha utetezi au pamoja na utetezi huo hahitaji ruhusa. Akichelewa ndipo anaihitaji. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, mdaiwa ana siku 14 tangu alipowasilisha utetezi wake wa kwanza, na baada ya hapo lazima aombe. Majirani zetu wa Kenya wanafuata njia iliyo karibu na yetu: ruhusa inahitajika tangu mwanzo, na maombi yanapaswa kufanywa ndani ya siku 14 baada ya kufungwa kwa nyaraka za madai na utetezi. Kwa hiyo ushauri wa mtu aliyesoma kwingine, hata akiwa mwanasheria mzuri, usiupeleke Kisutu kabla ya kuulinganisha na kanuni zetu.

Ni vyema uelewe kwa nini ruhusa hiyo ipo, kwa sababu ukielewa sababu utajua pia namna ya kuiomba. Mwenye nyumba amefungua kesi yake, amelipa ada, na ana haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa na ugomvi wa watu asiowajua. Kwa desturi ya sheria yetu mdai ndiye anayechagua nani amshtaki, na ndiyo maana mwenye nyumba hakuvunja sheria yoyote alipokukatalia. Fundi naye, ambaye hajashtakiwa na yeyote, ana haki ya kutoburuzwa mahakamani, kuweka wakili na kuacha kazi zake kwa sababu tu mtu mwingine ameshtakiwa na anatafuta wa kugawana naye mzigo. Kwa upande mwingine wapo wewe na mahakama yenyewe: si haki ulipe shilingi milioni 68 leo, kisha ufungue kesi mpya, uwaite mashahidi walewale, uthibitishe kasoro zilezile, na pengine hakimu wa pili aone paa halikuwa na kasoro wakati wa kwanza alishaona linayo. Hakimu anayesikiliza maombi ya ruhusa anapima haki hizo zinazovutana, na wakili anayeandika maombi kana kwamba anajaza fomu tu anamnyima hakimu kitu cha kupima.

Kanuni ya 14 inafungua mlango kwa aina mbili za madai. Ya kwanza ni pale mdaiwa anapodai kwa mtu wa tatu mchango au fidia, yaani anasema, "Nikipatikana na wajibu wa kulipa, huyu anapaswa kunirudishia yote au sehemu yake." Ya pili ni pale anapodai nafuu inayohusiana na kiini cha kesi iliyopo na ambayo kimsingi ni sawa na ile anayoidai mdai. Hata dai likiingia katika mojawapo ya aina hizo, hakimu bado ana swali moja la kujiuliza: kwa kuangalia mazingira yote ya kesi, je, ni busara na ni sahihi kutoa ruhusa? Watu wengi huridhika wanapothibitisha aina ya dai na kulisahau swali hili, ilhali ndilo linalowaangusha waombaji waliochelewa.

Sasa tuyaweke madai yako matatu mbele ya kipimo hicho. Dai lako dhidi ya fundi wa paa ndilo lenye nguvu zaidi. Una mkataba wa maandishi ambamo ameahidi kukufidia, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaitambua ahadi ya namna hiyo na kumpa aliyeahidiwa haki ya kurudishiwa anachoamriwa kulipa katika kesi inayohusu jambo lililoahidiwa. Uhusiano wake na kesi ya mwenye nyumba hauhitaji maelezo marefu, kwa kuwa paa analolalamikia mdai ndilo paa lililopigwa na fundi.

Kwa muuza bati mambo si mepesi namna hiyo. Hakuahidi kukufidia, hivyo itabidi utegemee masharti ambayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayaweka katika mauzo hata pale wahusika wasipoyataja, hasa lile la ubora wa bidhaa. Kabla hujamtaja, soma hati ya madai aya kwa aya uone mwenye nyumba analalamikia nini hasa. Kama anasema bati zilitoboka, zilipata kutu kabla ya wakati au hazikuwa za geji iliyokubaliwa, muuza bati yumo ndani ya kiini cha kesi. Kama lalamiko lote ni kwamba kenchi zilipangwa vibaya, mlalo wa paa ni mdogo na misumari ilipigwa ovyo, ubora wa bati haumo katika kesi hiyo kabisa, na hakimu atakuwa na haki ya kukuuliza muuzaji wa Buguruni anakuja kufanya nini. Ningekushauri umpate mhandisi aliyesajiliwa alikague paa na kuandika ripoti, kisha ripoti hiyo iamue kama muuza bati aingizwe au aachwe. Kumwingiza mtu bila ushahidi kunaweza kukuletea amri ya kumlipa gharama za kesi.

Deni la Kigamboni haliingii. Ni la kweli, ni la mtu yuleyule, na naelewa uchungu wa kumwona mtu anayekuomba subira akisimama mbele yako mahakamani huku deni hilo haliguswi. Hata hivyo halihusiani na paa la Mbezi Beach, si mchango wala fidia ya kile anachokudai mwenye nyumba, na nafuu yake haifanani na inayoombwa katika kesi hii. Ukilichomeka katika maombi utayadhoofisha yale yenye nguvu, kwa sababu hakimu ataona unataka kuigeuza kesi ya mwenye nyumba kuwa uwanja wa kumaliza hesabu zako zote na fundi. Deni hilo lifungulie kesi yake.

Maombi yenyewe hufanywa kwa hati ya maombi inayoambatana na kiapo. Hayafichwi ndani ya utetezi wa maandishi kwa kuongeza aya moja inayosema "fundi ndiye mhusika". Isipokuwa mahakama ielekeze vinginevyo, husikilizwa kwa upande mmoja, maana yake fundi hataitwa kwanza kuulizwa kama anakubali kuingizwa. Kwa kuwa hakimu anasikia upande wako tu, kiapo ndicho karibu kila kitu atakachokuwa nacho mezani. Kanuni inataka kiapo kieleze aina ya dai la mdai, hatua ambayo kesi imefikia, aina ya dai lako dhidi ya mtu wa tatu na uhusiano wake na dai la mdai dhidi yako, pamoja na jina na anwani ya mtu huyo. Kati ya hayo, kinachoandikwa kwa uzembe mara nyingi ni uhusiano. Utakuta aya inasema "dai langu linahusiana na kesi hii" na kuishia hapo. Aya hiyo ni hitimisho, na hakimu anahitaji ukweli unaolizaa hitimisho: tarehe ya mkataba wako na fundi, kifungu cha fidia kikinukuliwa neno kwa neno, nakala ya mkataba ikiambatishwa, aya ya hati ya madai inayolalamikia paa ikitajwa kwa namba yake, na barua uliyomwandikia fundi kumtaka arekebishe kasoro, kama uliiandika.

Kuna jambo jingine katika kiapo ambalo nakusihi ulitazame kwa makini. Katika utetezi wako pengine utakana kwamba paa lina kasoro, au utasema dari ilianguka kwa sababu mwenye nyumba alipandisha tangi la maji juu ya kenchi zisizokusudiwa kubeba uzito huo. Ukiapa katika maombi kwamba "fundi alilipiga paa vibaya na kusababisha hasara yote", utakuwa umemkabidhi mwenye nyumba ushahidi wa kukumaliza, tena wenye sahihi yako. Lugha iliyo sahihi ni ya masharti: unaeleza kwamba mdai anadai paa lina kasoro, kwamba wewe unakana, na kwamba iwapo mahakama itaona kasoro hiyo ipo, basi ni ya kazi aliyoifanya fundi chini ya mkataba uliomtaka akufidie. Sheria haimlazimishi mdaiwa akiri kosa ndipo amwingize mtu wa tatu.

Kiapo pia kisiwe na hoja za kisheria, maombi wala maneno ya kusikia kwa watu ambayo hayakutajwa chanzo chake. Mahakama zetu hunukuu mara kwa mara uamuzi wa Uganda wa mwaka 1966 uliolieleza jambo hilo, na viapo vingi vimetupwa kwa kosa hilo. Kwa kuwa mdaiwa ni kampuni, aape mkurugenzi anayeyajua mambo kwa ufahamu wake mwenyewe, na Kamishna wa Viapo, yaani anayeshuhudia kiapo, aandike jina lake, mahali na tarehe kilipoapwa. Haya yanaonekana madogo, lakini maombi mazuri yamewahi kufutwa kwa sababu sehemu anayosaini Kamishna huyo haikuonyesha mahali kiapo kilipochukuliwa.

Kuhusu muda, Kanuni ya 14 yenyewe haitaji idadi ya siku. Jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, linaweka siku 60 kwa maombi ambayo hayakuwekewa muda na sheria nyingine, na wakili makini wa upande wa pili anaweza kulitumia dhidi yako. Zaidi ya hapo, kiapo kinatakiwa kieleze hatua ambayo kesi imefikia, na sharti hilo halikuwekwa bure. Maombi yanayoletwa pamoja na utetezi hayamcheleweshi mdai kwa kiasi cha kumuumiza. Yanayoletwa baada ya usuluhishi kushindwa na viini vya mgogoro, yaani maswali ambayo mahakama itayaamua, kupangwa yanahitaji maelezo ya kwa nini hukusema mapema, hasa wewe ambaye mkataba wa fundi ulikuwa nao kabatini tangu siku ya kwanza. Mashahidi wa mdai wakishaanza kutoa ushahidi, ni vigumu kumshawishi hakimu kwamba ni sahihi kumwingiza mtu ambaye atataka mashahidi hao waitwe upya awahoji. Kumbuka pia kwamba mazungumzo ya usuluhishi yana maana kwako iwapo tu fundi, ambaye ndiye mwenye mfuko utakaolipa, ameketi mezani.

Nakuomba usichanganye maombi haya na wajibu wako wa kujibu madai. Una siku 21 tangu ulipopewa wito kuwasilisha utetezi wa maandishi, na kuomba ruhusa ya kumwingiza mtu wa tatu hakusimamishi siku hizo. Mdaiwa anayeshughulika na kumtafuta fundi huku akiuacha muda wa utetezi upite anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Ukipewa ruhusa, amri ya mahakama itaeleza muda wa kuwasilisha notisi na maelekezo mengine ambayo hakimu ataona yanafaa, na inaweza kuwa na masharti. Notisi itaeleza dai la mwenye nyumba dhidi yako, dai lako dhidi ya fundi, nafuu unazoomba, muda alionao wa kujitetea na matokeo ya kutojitetea. Inapelekwa kwake pamoja na nakala ya hati ya madai, kwa utaratibu uleule wa kupeleka wito, na wahusika wengine wa kesi nao wanapewa nakala. Asipowasilisha utetezi, sheria inamhesabu kuwa amekubali uhalali wa hukumu itakayotolewa dhidi yako na wajibu wake wa kukufidia kwa kiasi kilichotajwa katika notisi. Kwa hiyo kiasi na msingi wake viandikwe kwa ukamilifu humo, kwa sababu usichokitaja hakitakubaliwa kwa ukimya wake.

Akijitetea, kuna mlango wa pili. Kupewa ruhusa si kushinda dhidi ya fundi, na hata si uhakika kwamba dai lako litasikilizwa hadi mwisho ndani ya kesi hii. Mahakama huwakutanisha wahusika kwa ajili ya maelekezo, na hapo fundi, ambaye hakusikilizwa wakati wa maombi, anaweza kusema hakukuwa na sababu ya kumwingiza. Hakimu akiridhika kwamba lipo swali la kweli la kuamuliwa kati yenu, ataelekeza namna litakavyosikilizwa, ama pamoja na kesi ya mwenye nyumba au baada yake. Asiporidhika, anaweza kumtoa.

Usidhani kwamba fundi akishaingia, mwenye nyumba atageuka kumdai yeye. Mtu wa tatu anajibu dai lako wewe. Hawi mdaiwa wa mdai mpaka mdai mwenyewe aombe kurekebisha hati yake ya madai. Hukumu ikitoka dhidi yako kwa shilingi milioni 68, mwenye nyumba anakaza hukumu kwako, yaani anakudai malipo yake wewe, na wewe unadai kwa fundi. Iwapo unaamini kesi haiwezi kuamuliwa kwa haki bila mtu fulani kuwa mdaiwa kamili, hiyo ni njia nyingine, Kanuni ya 10 ya Amri hiyohiyo, inayoipa mahakama uwezo wa kuongeza mhusika wa lazima katika hatua yoyote. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba kuamua kesi bila mhusika wa lazima ni kasoro kubwa. Kwa maelezo uliyonipa, hata hivyo, sioni kama fundi ni mhusika wa lazima, kwa kuwa mkataba wa mwenye nyumba ni kati yake na wewe, na mahakama inaweza kuamua kama uliuvunja bila fundi kuwapo.

Chunguza pia kama mkataba wako na fundi una kifungu cha kupeleka migogoro kwa msuluhishi, yaani mwamuzi aliye nje ya mahakama. Ikiwa kipo, fundi anaweza kuiomba mahakama isimamishe dai lako dhidi yake kwa kutegemea Sheria ya Usuluhishi, na huenda akafaulu. Kama mtu wa tatu angekuwa taasisi ya Serikali au halmashauri, pangekuwapo suala zito zaidi: Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 inataka Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Mdaiwa aliye Kisutu anayetaka kuiingiza mamlaka ya umma ajipange kwa hilo mapema. Na kama kampuni yako ina bima ya ukandarasi, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi wiki hii hii, maana mikataba mingi ya bima inakupokonya haki ukichelewa kutoa taarifa, hata kama hatimaye hutaiomba mahakama iiingize.

Mahakama ikikataa kukupa ruhusa, usitumie nguvu zako kukata rufaa. Sheria yetu kwa ujumla hairuhusu rufaa dhidi ya uamuzi mdogo wa Mahakama ya Hakimu Mkazi ambao haumalizi kesi. Dai lako dhidi ya fundi halifi kwa kukataliwa huko. Unabaki na haki ya kumfungulia kesi yako mwenyewe, kwa msingi uleule wa kifungu cha fidia. Mwandikie mapema barua ya kumjulisha kwamba umeshtakiwa, ukiambatisha hati ya madai, na umtake akusaidie kujitetea, ili baadaye asipate nafasi ya kusema kwamba ulishindwa kizembe au ulikubali kulipa bila yeye kujua. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa deni la Kigamboni hesabu hiyo imekwisha kuanza.